Mkono wa Kulia wa Nyumba

Chilendu,
S.L.P. 14, Kintinku.
10 Mei 1992

Kwa Mjomba Gervas,

Shikamoo mjomba. Ni mimi Kudra, mtoto wa dada yako Yasinta na marehemu Hussein, kama mwandiko umekupotea. Habari za Mpanda? Mwanao Fabiano na mkewe hawajambo? Sisi huku wazima. Mtama umekubali mwaka huu, ingawa kwelea kwelea nao wamekubali kuula. Duka langu linakwenda. Siku hizi ni ruksa, hata sabuni ya kunukia unaipata Chilendu. Mama goti linamsumbua, lakini ulimi haujambo hata kidogo. Hajasema nikusalimie, ila nilipomwambia nakuandikia hakunikataza.

Sasa mjomba, kaa vizuri. Lile kanisa ulilojenga na Bruda Klemens limekuwa msikiti. Usiitupe barua, endelea kusoma.

Unajua mwenyewe tulihamishiwa stesheni mwaka wa sabini na nne, na parokia ikajenga kanisa lingine hukohuko. Lako likafanywa ghala la ushirika, likajaa mbegu za nyonyo na karanga. Ushirika ukafa, likabaki la popo. Sasa watu tumerudi kwenye mashamba yetu ya zamani, na wengi tuliorudi upande huu ni Waislamu. Wazee wetu wakaenda kwa padre kuliomba. Wakristo wakafanya kikao, wakasema heri jengo lisaliwe kuliko lianguke. Wakaja siku moja kuchukua kengele, msalaba na jiwe la altare. Lile jiwe ni zito mjomba! Wanaume wa kwetu ikabidi wavue kofia waingie chini pamoja nao. Walibeba huku Wakristo wakiimba na Waislamu wakihema.

Tulipomaliza kufagia mavi ya popo nilisimama katikati nikaangalia juu. Haki ya Mungu, sikujua kijiji chetu kina kitu kizuri hivi. Miaka yote nilikuwa naingia humo na gunia kichwani, nani atazame juu? Ukuta haujapinda hata kidogo. Nilikumbuka marehemu baba. Tulipokuwa tukileta nyonyo ghalani, kila mara alipita kwa nje akaugonga ukuta wa kaskazini kwa konzi, kama anayebisha hodi. Mimi nilikuwa nacheka.

Ndio huohuo ukuta ninaokuandikia. Kibla kwetu ni kaskazini. Altare yako ilikuwa mashariki, kwa hiyo sisi tutasimama kwa upana wa jengo, tukiutazama huo ukuta mrefu. Wazee wanataka wakate humo mihirabu, ile nafasi anayosimama imamu. Fundi Rahimu wa Manyoni anasema inawezekana. Mwingine anasema mkigusa, paa lote mtalikuta sakafuni. Mimi ndiye katibu. Wanaume wana kamati, mimi nina kalamu. Wamesema niulize mwenye jengo. Je, tukate wapi?

Mpwa wako,
Kudra Hussein

*

Mpanda,
28 Juni 1992

Mpwa wangu Kudra,

Marahaba, na marahaba nyingine ya barua. Imefika baada ya wiki tano, bahasha imelowa upande mmoja, lakini maneno yako hayalowi. Huku tu wazima. Fabiano amenunua mashine ya kusaga, inanguruma mlangoni kutwa na mimi ndiye mlinzi wake. Macho yangu yanaona mbali, karibu hayaoni. Nisalimie sana dada yangu Yasinta.

Nilifikiri nitakasirika. Nilikaa na barua mpaka chai ikapoa, nikajikuta natabasamu kama zuzu. Miaka kumi na minane nimekuwa nikiamini jengo langu limebomolewa na watu wamejengea mabanda ya mbuzi. Kumbe lipo! Ukuta haujapinda! Mungu aliyeniazima mikono hakuichukua na kazi yake.

Nikuambie lile jengo ni nini, maana wewe umelirithi. Msingi ni mawe ya kilimani, tuliyavuta kwa ng'ombe kiangazi kizima cha mwaka wa hamsini na mbili. Matofali ni ya udongo wa kichuguu, yamechomwa kwa mkwaju mkavu. Yagonge, yatalia kama sufuria. Kuta ni unene wa futi mbili, ndiyo maana mchana wa Oktoba ukiingia humo unatafuta shuka. Madirisha niliyaweka juu na membamba ili jua liingie kwa adabu. Na hayo matao! Watu hudhani tao linashikiliwa na saruji. Hapana. Kila tofali linataka kuanguka, linamkuta mwenzake naye anataka kuanguka, basi wanazuiana. Bruda alinionyesha mara moja kwa matofali saba mchangani, akayasimamia juu yake na viatu vyake vya misumari. Siku ile niliamua kuwa mwashi.

Baba yangu, babu yako, naye alijenga tembe, na alinifundisha jambo ambalo Bruda hakulijua. Nyumba ni mtu aliyeketi. Uso wake ni mlango, anatazama nje. Usiingie ndani ya nyumba kama mwizi ukaanza kuigawa kwa mikono yako. Iulize mikono yake. Mpaka leo sijengi hata choo bila kukaa kwanza ndani nikatazama nje.

Kuhusu mihirabu, msiukate ukuta huo. Chukueni rangi ya kijani mchore umbo lake, Mungu hatawadai tofali. Mnara mnaweza kuupandishia kipaza sauti, utastahimili.

Mjomba wako,
Gervas

*

Chilendu,
30 Agosti 1992

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua. Tumevuna, magunia tisa. Mbuzi wa mama amezaa mapacha, kawaita kwa majina ya watu asiowapenda, sitayataja.

Barua yako imesomwa kwenye kamati mara mbili. Ilipofika kwenye jua kuingia kwa adabu wazee walinyanyua vichwa wote kwa pamoja wakayatazama madirisha, ungewaona. Sasa kila mgeni anayefika anapigwa hotuba ya udongo wa kichuguu. Rahimu anagonga matofali kutwa aone kama yanalia kama sufuria, nami nimeanza kuumwa kichwa.

Lakini mjomba, umejibu kila kitu isipokuwa swali. Kwa nini tusikate? Fundi mwenye akili kama yako hasemi "msikate" kama mama anayemkataza mtoto sukari. Sheikh hataki ya rangi, anasema hatusali kwenye picha. Wameamua kukata upande wa mashariki wa ukuta huohuo, karibu na pale palipokuwa na altare, kwa sababu Rahimu anaona ukuta wa pale ni imara zaidi. Wataanza mvua hazijachanganya, ili tuingie kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Kuna jingine, nilikuwa sitaki kuandika. Siku ya kikao cha kijiji Mzee Philipo, aliyekuwa kibarua wenu wakati ule, alisimama mbele ya watu wote akasema: "Makubwa! Leo binti wa mwizi wa matofali ndiye anaandikia kamati ya jengo." Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Baba amekufa mwaka wa sabini na tisa na bado ni mwizi. Mwanaume aliyefyatua kila tofali la jengo lile kwa mikono yake, akafukuzwa kwa kuambiwa ameiba mia tatu, na tangu siku hiyo hakufyatua hata moja. Aliuza chumvi mpaka akafa. Mimi nimekua na jina hilo, mjomba. Shuleni waliniita Tofali. Nilikaa chini, nikaendelea kuandika kikao.

Niliporudi nyumbani mama aliniuliza jambo moja tu kuhusu barua yako. "Amesema lolote juu ya Hussein?" Nikamwambia hapana. Akaenda kukamua.

Wako,
Kudra

*

Mpanda,
11 Oktoba 1992

Kudra,

Nakuandikia haraka, nampa barua mtu wa treni mkononi.

WASIKATE UPANDE WA MASHARIKI. Hapo juu ndipo kenchi kubwa ya paa imelala, wataua watu. Mwambie huyo Rahimu aweke nyundo chini.

Pimeni hatua kumi na mbili kutoka kona ya mnara, kwa nje. Ni katikati kabisa ya ukuta. Bandueni lipu. Chini yake kuna tao zima, limekamilika, upana wa mlango. Tao hilo limebeba ukuta. Kilichomo chini yake kimejazwa tu, kitoeni chote bila hofu, paa halitajua.

Mengine tuyaache. Nisalimie Yasinta.

Gervas

*

Chilendu,
22 Novemba 1992

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imewahi siku mbili kabla ya nyundo. Umeokoa watu, Mungu akulipe.

Tumepima hatua kumi na mbili. Rahimu amegonga, pamelia tofauti. Akabandua lipu kidogo, ukingo wa tao ukaonekana, mzuri mpaka akapiga mluzi. Lakini hajatoa hata tofali moja. Mama ametukataza.

Alikuja na fimbo yake, na goti lile, mwendo wa saa nzima. Yeye Mkristo, tasbihi shingoni, akasimama mbele ya wazee wa msikiti akasema, "Asiguse mtu ukuta huu mpaka Gervas aseme umejazwa na nini." Sheikh akamwambia, "Mama, ni matofali tu." Mama akamjibu, "Ya nani?" Akakaa palepale.

Mimi si mtoto, mjomba, nina miaka arobaini na miwili. Kuna kitu nakiona nacho sitaki kukitaja mimi. Kitaje wewe. Mvua zimeanza na Ramadhani ni Februari.

Kudra

*

Mpanda,
Noeli, 1992

Mwanangu Kudra,

Nisomee hii kwa mama yako, polepole, wala usiruke neno kwa kunionea huruma.

Mwaka wa hamsini na tatu Bruda alishikwa na homa akapelekwa Dodoma. Aliniachia timazi yake, ule uzi wa kupimia ukuta usimame wima. Mtu mweusi hajawahi kuachiwa timazi misheni ile, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nilitembea kama nimeachiwa ufunguo wa mbingu. Aliniachia na karatasi: mlango wa pembeni, katikati ya ukuta, mkono wa kulia.

Nilifanya kama baba alivyonifundisha. Nilikaa ndani, mgongo kwenye altare, nikatazama nje mlangoni, nikaiuliza nyumba mkono wake wa kulia. Ukawa kaskazini. Nikajenga tao. Kudra, sijawahi kujenga tao zuri kama lile, kabla wala baada. Kisha ikaja barua ya Bruda kutoka hospitali: nyumba ya mapadri itajengwa kusini, kwa hiyo mlango utazame huko. Ndipo nikaelewa. Wazungu huingia kanisani wakitazama altare, na kulia kwao ni kulia kwa mtu anayeingia. Kwetu ni kulia kwa nyumba.

Ningesema nimekosea, angecheka. Najua leo kwamba angecheka. Lakini niliogopa kunyang'anywa timazi. Vibarua walikuwa mashambani wanapalilia. Hussein alikuwa amekwenda Utemini kumzika mama yake. Nilichukua matofali kwenye tanuri lake, nikaziba tao langu peke yangu siku mbili, kwa udongo mtupu, nikapiga lipu. Ukuta wa kusini ulikuwa bado mfupi, nikaacha mlango upande huo. Bruda aliporudi hakuona kitu. Aliona tu kwamba matofali yamepungua mia tatu na kumi na mawili. Mlinzi wa tanuri alikuwa Hussein, na nyumbani kwake alikuwa ameanza kumjengea dada yangu chumba cha matofali.

Niliulizwa mbele yake. Nilisema, "Sijui, Bruda." Maneno mawili tu. Hussein alinitazama, akachukua kofia yake. Jengo lilipokwisha nikafuatana na Bruda kuja Mpanda, na nimejenga makanisa sita nikiitwa fundi mkuu.

Miaka yote nilijifariji kwamba hakujua. Kisha wewe ukaandika kwamba kila akipita aliugonga ukuta kwa konzi. Niliporudia kuisoma nikafika hapo, nilikaa chini, Fabiano akadhani nimeanguka. Alijua, Kudra. Mfyatua matofali anajua lipu mbichi. Alijua yako wapi miaka ishirini na sita, alikuwa akiyajulia hali, na hakunitaja kwa sababu mimi ni kaka wa mkewe. Nami nikamwacha afe mwizi.

Yeye ndiye aliyekuwa mwashi kunizidi. Alibeba ukuta wote bila nguzo.

Yatoeni. Kila tofali lake lina alama mbili za dole gumba kwenye kichwa, ule upande mdogo, alizibonyeza kabla halijakauka. Mwonyesheni Philipo. Barua hii isomwe popote mtakapo, hata kanisani, hata sokoni. Mimi sina haki ya kuomba salamu.

Gervas

*

Chilendu,
19 Februari 1993

Mjomba Gervas,

Shikamoo.

Nimechelewa kwa makusudi. Nilikasirika. Barua yako niliilaza chini ya debe la chumvi siku tisa, nikawa nauza huku nagombana na wateja. Nilikuchukia mjomba, nikuambie kweli, nililia kwa hasira si kwa huzuni. Siku ya kumi mama akasema, "Umekwishapata barua, duka zima linanuka barua. Soma." Nikasoma polepole, sikuruka neno. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua choroko. Akasema, "Kesho twende." Basi.

Tulikwenda na nusu ya kijiji. Sheikh aliisoma barua yako mwenyewe, kwa sauti ya hotuba, Waislamu na Wakristo wamesimama juani. Ilipofika kwenye "Sijui, Bruda" nilimtafuta Mzee Philipo kwa macho. Alikuwa amevua kofia.

Kisha Rahimu akabandua lipu yote. Ee mjomba! Hukujisifu bure. Tao lilitoka ukutani zima, kila tofali limeketi kwa mwenzake, hakuna ufa, kama lilijengwa juzi. Watu walisema "Aaah" kwa pamoja. Akaanza kutoa yaliyojazwa, moja moja, mimi nikitazama paa. Paa halikujua, kama ulivyosema. Lilipotoka la mwisho mwanga ukaingia kutoka kaskazini, upande ambao nyumba ile haijawahi kuwa na mlango, ukalala sakafuni mpaka ukuta wa pili. Kwa nje tumejenga kijitumbo cha kuziba, ndimo anamosimama imamu. Sheikh alipima kwa dira yake. Tao lako limeelekea kibla sawasawa, na liko katikati ya ukuta kiasi kwamba safu zinajipanga zenyewe. Wageni kutoka Singida mjini walikuja Ijumaa wakauliza mwashi gani wa Kiislamu alijenga msikiti huu. Nikawaambia ni Mkatoliki, alikosea mlango.

Matofali nayo. Wazee walitaka kuyatumia kwenye kijitumbo, mama akasema hapana, yapangwe uani kwanza. Yakapangwa. Kila moja lina alama zake mbili. Nilitia vidole vyangu, dole gumba la baba ni pana kuliko langu. Mama aliomba kigoda, akayahesabu mwenyewe kwa ncha ya fimbo, asubuhi mpaka adhuhuri, kwa goti lile. Nilitaka kumsaidia akanifukuza. Mzee Philipo alisimama jirani muda wote, hakuna aliyemwambia asimame wala akae. Alipofika la mwisho mama akasema, "Mia tatu na kumi na mawili. Yote yapo." Mzee Philipo akasema, "Yote yapo, Yasinta." Akasema tena kwa sauti, akiwageukia watu.

Tumeyajengea viti vya kutawadhia. Kila anayekuja kusali lazima kwanza akalie kazi ya baba, na mama ameagiza alama zitazame nje. Sitashangaa wakiniita tena Tofali, na safari hii nitaitika.

Hasira bado ninayo kidogo, itaisha yenyewe. Ramadhani inaanza wiki ijayo, na baada ya Idi tutapaka chokaa upande wa mnara. Rahimu anasema kuna ufa pale juu ambao hauelewi, na mimi nimemwambia mwenye jengo yuko hai na treni ipo.

Fabiano na wote nyumbani nawasalimu. Mama anakusalimu.

Kudra